Mkono wa Bunge Ndani ya Chuo cha Ualimu

Aprili 1998, watu wapatao 1,800 waliotaka kuwa walimu katika jimbo la Massachusetts walifanya mtihani ambao haukuwahi kufanyika jimboni humo. Ulipima kusoma, kuandika na somo ambalo mtahiniwa alikusudia kulifundisha. Sehemu yake moja ilikuwa imla: watahiniwa walisomewa kipande cha maandishi ya waasisi wa taifa la Marekani, nao wakaandika walichosikia, nukta na mikato ikiwa ndani ya hesabu. Matokeo yalipotoka, asilimia 59 walikuwa wamefeli.

Kilichofuata kilikuwa sarakasi. Kamishna wa elimu wa muda, Frank Haydu, alishauri alama ya kufaulu ishushwe, na bodi ya elimu ya jimbo ikakubali. Kwa kiwango hicho kipya waliofeli wangepungua hadi asilimia 44. Kaimu gavana Paul Cellucci, aliyekuwa na uchaguzi mbele yake, akaja juu. Siku chache baadaye bodi ileile, chini ya mwenyekiti wake John Silber, ikakutana tena na kuirudisha alama pale ilipokuwa. Haydu akajiuzulu. Spika wa bunge la jimbo, Thomas Finneran, hakumung'unya maneno: aliwaita waliofeli wapumbavu.

Kelele zilipopungua, swali likahama. Watu hawa hawakuokotwa barabarani. Walikuwa wamekaa vyuoni, wamelipa karo, wamekaguliwa na wahadhiri katika mazoezi ya kufundisha, na wengi walikuwa tayari wana shahada mkononi. Nani aliwapitisha? Bodi ya Silber ikatoa sharti kwamba chuo ambacho wahitimu wake hawatafikia asilimia 80 ya kufaulu kitakuwa kinahatarisha kibali chake cha kuandaa walimu. Mzigo wa kufeli ukawa umehamishwa kutoka kwa mtahiniwa kwenda kwa aliyemfundisha.

Katiba ya Marekani haitaji elimu hata mara moja, kwa hiyo leseni ya mwalimu, mtaala wa shule na kibali cha chuo cha ualimu ni mambo ya kila jimbo kivyake. Hakuna wizara moja inayoweza kutoa waraka leo, kesho ukawa umefika vyuo vyote. Kuna mabunge 50, na karibu kila moja limewahi kujaribu kuingiza mkono chuoni ili lijue kinachopikwa humo. Njia zilizotumika zilitofautiana mno, na historia yake ni ya watu wanaobadilisha kipimo kila wakigundua kwamba kile cha awali kimeshachezewa.

Mwanzoni hapakuwa na haja ya kipimo chochote. Mwaka 1838 mfanyabiashara Edmund Dwight wa Boston alitoa dola 10,000 kwa sharti kwamba bunge la Massachusetts litoe kiasi kilekile. Tarehe 3 Julai 1839 chuo cha kwanza cha ualimu cha serikali nchini Marekani kikafunguliwa mjini Lexington. Siku hiyo walijitokeza wasichana watatu tu. Mkuu wa chuo, Cyrus Peirce, alifundisha masomo yote peke yake, akasimamia shule ya mazoezi, na akafanya hata kazi za mhudumu wa jengo. Horace Mann, katibu wa bodi ya elimu aliyekipigania chuo hicho, alipotaka kujua kama fedha ya umma inafanya kazi, alichohitaji ni safari fupi tu kutoka Boston.

Zaidi ya karne moja baadaye safari hiyo isingetosha. Vyuo vya aina ya Lexington vilikuwa vimeenea nchi nzima, vimepanda hadhi na kuwa vyuo vikuu kamili vyenye vitivo vya uhandisi na biashara. Ualimu ulibaki kitivo kimoja miongoni mwa vingi, mara nyingi chenye wanafunzi tele na heshima kidogo. Mabunge yaliendelea kulipa. Kilichokuwa kikiendelea ndani ya vyumba vya mihadhara kilikuwa siri ya wahadhiri.

Sputnik iliporushwa na Wasovieti Oktoba 1957, Wamarekani walianza kutafuta mchawi, na vyuo vya ualimu havikuwa mbali. Mwaka 1961 California ilipitisha sheria ya seneta Hugo Fisher iliyomtaka mwalimu mtarajiwa abobee katika somo halisi la kitaaluma, si katika mbinu za ufundishaji peke yake. Miaka tisa baadaye Leo Ryan, mwalimu wa Kiingereza wa sekondari aliyegeuka mwanasiasa, akasukuma sheria iliyounda tume maalumu ya kusimamia maandalizi na leseni za walimu. Ryan ndiye yule yule aliyeuawa kwa risasi nchini Guyana Novemba 1978, akiwa mbunge wa Kongresi, alipokwenda kuchunguza kambi ya Jonestown. Dunia inamkumbuka kwa kifo hicho. Tume aliyoiacha bado ipo Sacramento, na hakuna chuo cha California kinachotoa mwalimu wa shule za umma bila kupita mbele yake.

Sheria hizi za kwanza zilifanana kwa jambo moja: ziliamuru mwanachuo asome nini na kwa saa ngapi. Mfano uliokithiri ulitoka Texas. Baada ya ripoti ya taifa ya mwaka 1983 kutangaza kwamba elimu ya Marekani iko hatarini, jimbo hilo lilianza kwa kuwapima walimu waliokuwa kazini. Machi 1986 walimu wapatao 200,000 walifanya mtihani wa kusoma na kuandika, na karibu asilimia 97 wakafaulu mara ya kwanza, jambo lililowaacha wengi wakijiuliza zile gharama zote zilikuwa za nini. Jirani yao Arkansas ilikuwa imetangulia mwaka mmoja, chini ya gavana kijana aliyeitwa Bill Clinton. Mwaka 1987 bunge la Texas likavigeukia vyuo. Likaamuru kwamba masomo ya ualimu katika shahada ya kwanza yasizidi uniti 18, na shahada ya kwanza ya ualimu yenyewe ikafutwa. Wabunge ambao wengi wao hawakuwahi kushika chaki walikuwa wamekata kwa mkasi miongo ya mitaala. Iwapo wanafunzi wa shule za Texas walifaidika, hakuna aliyekuwa amejiandaa kupima.

Katika majimbo ya kusini mtihani ulikuwa na historia nyingine kabisa. Mwaka 1945, baada ya walimu weusi kwenda mahakamani kudai mishahara sawa na ya wazungu, South Carolina ilianza kutumia mtihani wa taifa wa walimu kuamua leseni na mishahara. Iliwezekana sasa kumlipa mwalimu mweusi kidogo bila kutaja rangi yake. Kwa hiyo miaka ya 1970 na 1980, majimbo mengine ya kusini yalipoanza kuvihukumu vyuo kwa idadi ya wanaofaulu, vyuo vya kihistoria vya watu weusi vilikuwa na kila sababu ya kuwa na wasiwasi. Florida iliweka mstari wa asilimia 80, na programu za vyuo hivyo zikawa miongoni mwa zilizokuwa mashakani. Huko Alabama wahitimu weusi walifungua kesi Desemba 1981. Kesi ikaishia kwa makubaliano mwaka 1985, na jimbo likakaa miaka mingi bila mtihani wa leseni.

Hapa ndipo mjadala huu unapokuwa mgumu kuliko wanasiasa wanavyoufanya uonekane. Chuo kinachopokea vijana waliotoka shule mbovu za sekondari, kikawapandisha hatua kubwa lakini si hadi mstari, kinaonekana kibaya kwenye jedwali. Chuo kinachochagua vijana waliokwisha kufaulu kila kitu tangu utotoni, kikawaongezea kidogo sana, kinaonekana bora. Mtihani wa mwisho hauwezi kuvitofautisha viwili hivyo, na bado ndio uliokuwa unakwenda kuwekwa kwenye sheria ya nchi nzima.

Hilo lilitokea miezi michache tu baada ya vurugu za Massachusetts. Tarehe 7 Oktoba 1998 Clinton, sasa akiwa rais, alitia saini sheria mpya ya elimu ya juu. Ndani yake, kwa juhudi za watu kama seneta Jeff Bingaman wa New Mexico na mbunge George Miller wa California, kulikuwa na sharti kwamba kila chuo kinachoandaa walimu kitangaze ni asilimia ngapi ya wahitimu wake wanafaulu mitihani ya leseni. Kila jimbo lingevipanga vyuo vyake katika makundi manne, cha juu hadi cha chini, na kuvitaja vile vinavyofanya vibaya. Ripoti za kwanza zilitakiwa mwaka 2001.

Vyuo vilisoma sheria kwa makini kuliko walioiandika. Iliyotakiwa ni asilimia ya waliomaliza programu. Basi, nani amemaliza? Chuo baada ya chuo kikaamua kwamba mwanachuo hawezi kuhesabiwa amemaliza mpaka awe amefaulu mtihani wa jimbo. Aliyefeli hakuwa mhitimu aliyefeli. Alikuwa mwanachuo ambaye bado hajamaliza. Kwa fasili hiyo asilimia ilikuwa mia moja, na ingebaki mia moja hata kama nusu ya darasa ingekwama. Majedwali yalipoanza kuchapishwa, majimbo mengine yalikuwa na safu ndefu za vyuo vyenye 100 mbele ya majina yao, na kazi ya kuvipanga makundi manne ikawa kichekesho. Hakuna aliyevunja sheria.

Zaidi ya hapo, majimbo hayakuwa na hamu ya kutaja wabaya. Mwaka 2015 ofisi ya ukaguzi ya Kongresi iliyauliza majimbo yanavitambuaje vyuo vinavyofanya vibaya. Saba yakajibu kwamba hayana utaratibu wowote wa kufanya hivyo. Sheria ilikuwa imeyataka yawe nao kwa zaidi ya miaka 15.

Wakati Washington inachezewa, wazo lenye meno zaidi lilikuwa linakua Tennessee, na lilitoka kwa mtu ambaye hakuwa mwalimu wa shule. William Sanders alizaliwa kwenye shamba la ng'ombe wa maziwa, akasomea takwimu na jenetiki, akawa anafanya hesabu za kilimo katika Chuo Kikuu cha Tennessee. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alisikia maofisa wa jimbo wakilalamika kwamba haiwezekani kumpima mwalimu kwa maendeleo ya wanafunzi wake. Kwake yeye hilo lilikuwa swali la kawaida la takwimu, la aina aliyokuwa akilitatua kila wiki. Usimwangalie mtoto alipofika, alisema. Angalia alikotoka mwaka jana, na mwaka juzi, kisha uone amekwenda mbele kuliko ilivyotarajiwa au amebaki nyuma. Mwaka 1992 bunge la Tennessee liliuingiza mfumo wake kwenye sheria. Walimu waliomdhihaki kwamba anawahesabu kama ng'ombe hawakuwa mbali sana na ukweli wa asili ya hesabu zile.

Kutoka hapo hatua iliyofuata ilikuwa fupi. Kama inawezekana kujua wanafunzi wa mwalimu fulani wamesonga kiasi gani, na inajulikana mwalimu huyo alisoma chuo gani, basi chuo nacho kinaweza kufuatwa hadi darasani. Mwaka 2007 bunge la Tennessee liliamuru vyuo vyote vya ualimu vitolewe kadi ya maendeleo kila mwaka, kama watoto wa shule, na ya kwanza ikachapishwa mwaka uliofuata.

Louisiana ilifanya jambo lilelile kwa subira zaidi, na kwa maoni ya mwandishi huyu kwa busara zaidi. Mwaka 1999 gavana na bodi za elimu waliunda tume ya ubora wa walimu. Tume haikuanza na takwimu. Ilianza kwa kuviambia vyuo vyote, vya umma na binafsi, viziandike upya programu zao. Mafunzo ya mtindo wa zamani yakakoma kupokea wanafunzi mwaka 2003. Ndipo George Noell, mwanasaikolojia wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Louisiana, akaanza kufuatilia matokeo ya watoto waliofundishwa na walimu wapya. Programu zilipewa daraja la 1 hadi la 5. Daraja la 1 lilimaanisha walimu wapya wa chuo hicho wanawazidi hata walimu wazoefu, la 5 kwamba wako nyuma sana ya walimu wapya wenzao. Chuo chenye walimu wapya chini ya 25 katika somo hakikupewa daraja, kwa kuwa idadi ndogo hudanganya.

Kuna jambo ambalo halikuwa kwenye hesabu. Jeanne Burns, ofisa wa jimbo aliyeiongoza kazi hiyo, alikwenda na takwimu chuoni akaketi na wakuu wa vitivo kabla hazijageuka vichwa vya habari. Chuo Kikuu cha Louisiana huko Lafayette kilipopata daraja la chini katika programu yake ya njia mbadala, watu wake walichambua watoto walikuwa wanakosea wapi, kisha wakaitengeneza programu upya. Kwa muda Louisiana ikawa kama Makka ya watu wa sera za elimu: kila aliyetaka kuandika kuhusu vyuo vya ualimu alihiji huko.

Mmoja wa waliovutiwa alikuwa waziri wa elimu wa Rais Obama, Arne Duncan. Mwaka 2009 serikali yake ilitangaza shindano la dola bilioni 4.35 kwa majimbo, na miongoni mwa ahadi zilizoongeza alama ni kuunganisha matokeo ya wanafunzi na vyuo vilivyowaandaa walimu wao. Awamu mbili za kwanza zilipata washindi 12, na wote walikuwa wameahidi. Mwaka huohuo wa 2009 bunge la Texas, bila kusubiri fedha ya mtu, lilipitisha sheria ya kuvihukumu vyuo kwa vigezo vinne: mitihani ya leseni, maoni ya walimu wakuu, ufuatiliaji wa wanachuo wakiwa mazoezini, na maendeleo ya wanafunzi wa walimu wapya.

Kigezo hicho cha nne ndicho kilichokwama. Timu ya watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas huko Austin, akiwemo Paul von Hippel, ilipewa kazi ya kutengeneza hesabu. Texas ina programu karibu mia moja za kuandaa walimu, na timu ilitarajia kuona nzuri zikijitenga na mbovu. Ilichokiona, na kukichapisha mwaka 2016, ni kwamba tofauti kati ya programu nyingi ni ndogo mno, kiasi cha kumezwa na bahati nasibu ya takwimu. Chuo kinaweza kuwa juu mwaka huu na chini mwaka ujao bila kubadilisha mhadhiri hata mmoja. Miaka miwili baadaye von Hippel na Laura Bellows wakarudia uchambuzi kwa data za majimbo mengine, Louisiana ikiwemo, na picha ikawa ileile. Wale waliokuwa wamehiji wakawa kimya kidogo.

Tatizo lingine lilitajwa na kila mwalimu aliyeulizwa. Mitihani ya jimbo hupima kusoma na hisabati katika madarasa machache. Mwalimu wa muziki, wa chekechea, wa watoto wenye ulemavu, wa historia, hawana alama za kuhesabiwa. Sehemu kubwa ya kazi ya chuo ilikuwa haionekani.

Washington haikusubiri ushahidi huo ukomae. Desemba 2014 wizara ya elimu ya shirikisho ilichapisha rasimu ya kanuni ambazo zingelazimisha kila jimbo kuvipa vyuo daraja kwa kutumia, pamoja na mengine, matokeo ya wanafunzi, na chuo kibovu kingepoteza ruzuku ya wanachuo. Vyuo vilipinga, vyama vya walimu vikapinga, magavana wa Republican wakalalamika kuingiliwa. Kanuni za mwisho zilitoka Oktoba 2016. Mwezi uliofuata Donald Trump akashinda uchaguzi, na tarehe 27 Machi 2017 akatia saini azimio la Kongresi la kuzifuta. Ziliishi kwenye karatasi kwa miezi mitano.

Kiti cha enzi kikarudi majimboni, na huko kulikuwa na jimbo maskini ambalo halikuwa limealikwa kwenye mikutano mingi ya wataalamu.

Mwaka 2000 Jim Barksdale, aliyekuwa mkuu wa kampuni ya Netscape, alitoa dola milioni 100 kwa ajili ya kuwafundisha watoto wa Mississippi kusoma. Taasisi iliyozaliwa na fedha hiyo ilianza shuleni, lakini baada ya muda mfupi watu wake walichoka kuwafundisha upya walimu waliotoka chuoni juzi. Wakaenda kuangalia vyuo vyenyewe vinafanya nini. Hawakuomba asilimia za kufaulu. Walisoma silabasi, wakaketi mihadharani, wakawahoji wahadhiri. Waligundua kwamba mwanachuo alikuwa anapata wastani wa dakika 20, katika mafunzo yake yote, za kujifunza namna ya kumfundisha mtoto uhusiano wa herufi na sauti. Kiingereza, tofauti na Kiswahili, hakisomeki kama kinavyoandikwa, na mtoto asiyefundishwa mpangilio wake hatua kwa hatua hubaki kukisia. Jambo la kushangaza ni kwamba kukisia ndiko kulikokuwa kunafundishwa: angalia picha, angalia herufi ya kwanza, fikiria neno gani lingefaa hapo.

Jimbo likavilazimisha vyuo kuweka kozi mbili za kufundisha kusoma. Mwongo mmoja baadaye taasisi iliporudi kukagua, kozi zilikuwapo kwa majina. Ndani yake wahadhiri wengi waliendelea na yaleyale. Si kwa ukaidi wote. Wengine hawakuwa wamewahi kufundishwa sayansi ya kusoma wao wenyewe. Basi ikaandaliwa programu ya kuwapeleka wahadhiri darasani, maprofesa na shahada zao za uzamivu wakikaa kujifunza fonimu sambamba na walimu wa darasa la kwanza. Baadhi waliona ni dharau. Mwaka 2013 gavana Phil Bryant alikuwa ametia saini sheria iliyozuia mtoto asiyejua kusoma kuvuka darasa la tatu, na kuanzia 2016 mwalimu mpya wa shule ya msingi alitakiwa kufaulu mtihani unaouliza hasa namna kusoma kunavyofundishwa. Chuo ambacho hakikubadilika kingeona wanachuo wake wakigonga ukuta, safari hii kwa jambo ambalo chuo kingeweza kulifundisha.

Katika upimaji wa taifa wa mwaka 2013, watoto wa darasa la nne wa Mississippi walikuwa wa 49 katika kusoma. Mwaka 2019 walifikia wastani wa nchi, alama 219. Mwaka 2024 walikuwa miongoni mwa majimbo kumi ya juu. Wanaobisha husema kuwazuia watoto darasa la tatu kunapamba takwimu za darasa la nne, na hoja hiyo si ya kupuuzwa. Pia hakuna anayeweza kutenganisha mchango wa vyuo na ule wa makocha wa kusoma ambao jimbo liliwatuma mashuleni. Hata hivyo Mississippi ilikuwa imefanya jambo ambalo Florida, Texas na Kongresi hazikufanya: iliuliza chuo kinafundisha nini, ikapata jibu, na ilipogundua kwamba wahadhiri hawajui, ikawafundisha.

Majimbo mengine yakaiga, kwa fimbo zaidi kuliko kwa masomo. Huko Greeley, Colorado, kuna Chuo Kikuu cha Northern Colorado, kilichoanzishwa mwaka 1889 kikiwa chuo cha ualimu cha jimbo na hadi leo ndicho jabali la walimu wa Colorado. Mwaka 2019 wakaguzi wa jimbo walipekua kozi zake za kusoma, wakazikuta zimejaa mbinu za kukisia, na chuo kikapewa kibali cha masharti badala ya kamili. Kwa chuo chenye hadhi hiyo ilikuwa aibu ya hadharani. Kilibadilisha kozi. Ohio nayo, katika bajeti ya mwaka 2023, iliagiza vyuo vyote vya ualimu vikaguliwe namna vinavyoandaa walimu wa kusoma kuanzia Januari 2025. Kitakachokutwa nje ya mstari kinapewa mwaka mmoja kujirekebisha, la sivyo kinanyang'anywa kibali. Wahadhiri wanalalamika kwamba wabunge sasa wanaandika silabasi, na wana haki ya kulalamika. Bunge lililopata mamlaka ya kupiga marufuku mbinu mbovu ya kusoma halitakosa hamu ya kupiga marufuku kitabu cha historia.

Texas, jimbo lililojaribu kila kipimo, ndilo linaloonyesha jambo ambalo sheria hizi zote zilisahau. Kuanzia Januari 2021 mwalimu mpya wa shule ya msingi huko anatakiwa kufaulu mtihani mpya wa kufundisha kusoma. Lakini sheria nyingine, ya mwaka 2015, ilikuwa imeziruhusu wilaya kuomba msamaha wa masharti mengi ya serikali, likiwemo la kuajiri mtu mwenye leseni. Walimu walipoadimika baada ya janga la korona, wilaya zikautumia mlango huo wa nyuma bila haya. Katika mwaka wa masomo 2023/24, karibu theluthi ya walimu wapya walioajiriwa Texas hawakuwa na leseni ya aina yoyote. Hawakuwa wametoka chuo kizuri wala kibovu. Jedwali la kuvihukumu vyuo halikuwa na mahali pa kuwaandika.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Texas Tech walipowafuata watoto waliokuwa mbele ya walimu hao, waliona wale waliofundishwa na mtu mpya asiye na leseni wamerudi nyuma kwa takriban miezi minne katika kusoma na mitatu katika hisabati. Von Hippel alikuwa ameonyesha kwamba tofauti kati ya chuo na chuo ni ndogo. Tofauti kati ya kuandaliwa na kutoandaliwa kabisa haikuhitaji hesabu za jenetiki ili ionekane.

Juni 2025 gavana Greg Abbott alitia saini sheria ya fedha za shule yenye thamani ya takriban dola bilioni 8.5. Ndani yake wilaya zinatakiwa kuacha, awamu kwa awamu, kuwaweka watu wasio na leseni kwenye masomo ya msingi, huku zikipewa nafasi ya kuomba muda zaidi. Sehemu ya fedha imetengwa kwa ajili ya kuwaandaa walimu, wakiwemo wanaokaa mwaka mzima darasani chini ya mwalimu mzoefu kabla ya kukabidhiwa darasa lao. Vigezo vya mwaka 2009 vya kuvihukumu vyuo havikufutwa.